Siku moja tu: Sónar, MUTEK au Ars Electronica?

Kinanda_Bubu: Wakuu, habari za saa hizi. Nina siku moja tu, si wikendi nzima, na nataka tamasha lenye muziki wa elektroniki na teknolojia kwa pamoja. Nimebaki na matatu: Sónar ya Barcelona, MUTEK ya Montréal na Ars Electronica ya Linz. Natengeneza midundo kwa kompyuta, kucheza dansi si kivile. Wapi nitaondoka na kitu kichwani? Naomba kuwasilisha.

Besi_Nzito: Sónar, hamna mjadala. Wapo tangu 1994. Nilikwenda 2018: mchana ulikuwa Fira Montjuïc, usiku mnahamia Fira Gran Via kule L'Hospitalet. Kosa langu nilitaka vyote. Niliingia saa nane mchana, nikatoka saa kumi na moja alfajiri, na DJ niliyemfuata kote huko nilimsikiliza nimekaa chini, mgongo ukutani, viatu mkononi. Chagua kimoja. Mimi nasema usiku.

Mama_Waya: Besi, mwenzio kasema hachezi dansi, wewe unampeleka Gran Via! Kinanda, kinachokufaa ni Sónar+D, ule upande wa teknolojia walioanzisha 2013. Mimi nilinasa kwenye meza moja ya sinthesaiza ya moduli (chombo cha kuunda sauti kwa vipande unavyoviunganisha kwa waya), nyaya zimetapakaa kama tambi. Kijana wa pale hakuhutubia mtu, kanishikisha waya tu, kaniambia chomeka hapa. Nikachomeka. Mlio wa besi ukaanza kupumua, na nikizungusha kitufe sauti inafunguka kama mtu aliyeondolewa kiganja mdomoni. Habari za filta, yaani kichujio cha sauti, nimezisoma miaka, nikazielewa pale kwa dakika tano. Huko nje watu wanaruka kwenye nyasi za bandia, wala sikuwaona. Ila hakikisha ratiba na kumbi za mwaka wako kabla ya kununua tiketi, huwa wanahama.

Ngoma_Moja: MUTEK mbona mnairuka? Ipo tangu 2000, hufanyika Agosti, na sifa yake ni wasanii kupiga laivu, siyo kuunganisha nyimbo za wengine. Kwa mtengeneza midundo, shule ndiyo hiyo.

Besi_Nzito: Laivu gani, mtu kainamia kompyuta saa nzima? Pengine anajibu barua pepe.

Ngoma_Moja: 😂 Sogea mbele uangalie mikono. Akikosea utamwona anavyojinasua.

Fundi_Kimya: Ars Electronica ni ya 1979, na pale sanaa na teknolojia ndiyo mwenyeji, muziki ni mgeni wa heshima. Mwaka ule wa kwanza wakazi waliombwa waweke redio madirishani ili simfonia ya mtunzi Bruckner isikike mjini. Siku hizi kuna ukumbi wa Deep Space 8K, picha ukutani na sakafuni, kila upande mita 16 kwa 9. Utashangaa sana. Ila kama unatafuta besi ya kukutikisa kifua, utarudi na njaa.

Mama_Waya: Popote uendako, beba viziba masikio. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku, na mbele ya spika unazipita hizo kirahisi. Masikio ndiyo mtaji wako.

Kinanda_Bubu: Shukrani wakuu. MUTEK imeniyumbisha, lakini huo waya wa Mama_Waya umenimaliza. Naenda Sónar, mchana. Besi, usiku nakuachia wewe na viatu vyako.