Naomba ushauri: paroko mmoja, vigango sita, siku nne kabla ya Noeli

Mchovu wa Majilio: Tumsifu Yesu Kristo. Rafiki yangu ni paroko, yuko peke yake, na ana vigango sita, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia yake. Wagonjwa 23 wanamngojea nyumbani, na maungamo hayajafanyika hata katika nusu ya vigango. Jana alikaa kwenye kiti cha kitubio kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, na alipoinuka benchi mbili zilikuwa bado zimejaa. Je, aanze na wagonjwa au maungamo?

Mama wa Jumuiya: Milele amina. Aanze na wagonjwa. Marehemu mama mkwe wangu alimngojea padre tangu asubuhi, amefunga kilemba kipya, mshumaa unawaka mezani. Padre alifika usiku, na mshumaa ulikuwa umebaki kisiki. Tulimnunia mwaka mzima, kumbe alikuwa ametoka kumpaka mafuta mtu aliyekuwa akikata roho.

Kengele ya Mnara: Kosa ni letu walei. Mimi huungama kila tarehe 23 Desemba, na dhambi zangu zina urefu wa Jumapili zote nne za Majilio.

Mpenda Kanuni: Unauliza aanze na nini kana kwamba ratiba bado iko wazi. Je, waamini wameshatangaziwa nini?

Mchovu wa Majilio: Jumapili alitangaza kwamba tarehe 23 jioni atatoa maondoleo ya jumla, yaani watu watajuta pamoja na kuondolewa dhambi pamoja, bila kuungama mmoja mmoja. Kabla hamjamhukumu, fikirini wale waliokuwa kwenye zile benchi mbili: walirudi nyumbani mikono mitupu.

Mpenda Kanuni: Kanuni ya 961 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu hilo penye hatari ya kifo au haja kubwa tu, na inatamka wazi kwamba wingi wa waungamaji katika sikukuu kubwa peke yake si haja ya kutosha. Tena anayepima kama haja ipo ni askofu wa jimbo, si paroko. Askofu ameulizwa?

Mwenye Shaka: Ndugu zangu, tumetungiwa hadithi. Hakuna padre asiyefundishwa jambo hilo seminarini. Halafu ni rafiki gani anayejua idadi ya wagonjwa wa mwenzake na benchi zilizobaki?

Kengele ya Mnara: Kama ni hadithi, basi imaliziwe, maana nimeshaanza kumhurumia huyo paroko.

Mchovu wa Majilio: Paroko ni mimi. Kanuni naijua, na askofu sijamuuliza. Nilitangaza nikiwa nimechoka, waamini wakapiga makofi, na sasa sijui nitasimamaje mbele yao kulitengua tangazo hilo. Hata hivyo, bado sioni kwamba nilikosea sana.

Mwenye Shaka: Padre mwenye vigango sita anapata wapi nafasi ya kuandika hapa?

Mchovu wa Majilio: Niko ndani ya gari, nje ya nyumba ya mgonjwa wa saba. Wameniomba nisubiri, wanamwogesha kwanza.

Mpenda Kanuni: Basi, Baba, jioni ile ibaki, ila iwe ibada ya toba: masomo, kutafiti dhamiri kwa pamoja, kisha kila mtu aungame peke yake. Mpigie leo dekano, yaani padre msimamizi wa parokia za eneo lenu, akutafutie mapadre wawili wa kuungamisha. Komunyo ya wagonjwa waachie wahudumu wa Ekaristi, nawe uwafikie wanaohitaji kuungama na kupakwa mafuta, kwa kuwa hayo mhudumu mlei hawezi kuyatoa.

Mchovu wa Majilio: Mapadre wa jirani nao wako peke yao. Na wagonjwa wakimwona mhudumu mlangoni hudhani nimewasahau.

Mama wa Jumuiya: Baba, sisi tulinuna kwa sababu hakuna aliyetuambia padre wetu alikokuwa. Mhudumu aseme ulipo na utakuja lini, hata kama ni baada ya Noeli.

Mwenye Shaka: Mimi bado sijaamini, lakini tengua tangazo.

Mchovu wa Majilio: Wamefungua mlango. Nikitoka humu nitampigia dekano.