Mawakala wa tiketi mnawakosesha watu ndege pale JKIA (uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi), halafu mnasema walichelewa

Wakuu, uzi huu ni wa mawakala wanaotuma tiketi kwa WhatsApp na maneno mawili tu: safari njema. Wakiona huu na wajibu.

Saa iliyo kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Kaunta za safari za nje nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya hapo, na ikishafungwa begi halipokelewi hata ndege iwe bado inajazwa mafuta mbele ya macho yako. Kabla ya kaunta kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo, viatu na mikanda ikivuliwa. Baada yake kuna uhamiaji, kisha ukaguzi mwingine. Kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka si woga.

Ndege za usiku wa manane ndizo balaa lenyewe. Tiketi inasema 00:40 tarehe 12. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Yaani tarehe 11 saa tatu usiku uwe uwanjani. Abiria anakuja tarehe 12 usiku na mabegi mawili, anaambiwa ndege yake iliondoka usiku wa kuamkia leo. Wakala kuongeza mstari mmoja, "fika tarehe 11 usiku", kunamgharimu nini?

Haya, ufike mlango upi? JKIA ina terminali 1A mpaka 1E, na Terminali 2 iko peke yake. Shirika lilelile linaweza kurusha ndege za nje kutoka 1A na za ndani kutoka 1D. Ukishushwa kusiko, unaburuta mizigo na kuanza foleni upya. Tena kuna ndege ndogo nyingi za mbugani na pwani ambazo haziruki hapo kabisa, zinaruka uwanja wa Wilson, barabara ya Lang'ata. Kwenye tiketi JKIA ni NBO, Wilson ni WIL. Herufi tatu tu, ila kati yake kuna foleni ya magari ya Nairobi. Ile barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022 inasaidia, lakini ni ya kulipia. Elewana na dereva mapema nani analipa.

Sasa dhambi kubwa: tiketi mbili za kupitia Nairobi zilizounganishwa kienyeji kwa kuwa zinatoka bei nafuu. Ukiona namba mbili tofauti za bukingi, zile za herufi na tarakimu, jumla sita, jua mizigo yako huenda ikaishia Nairobi. Utapita uhamiaji, usubiri begi kwenye mkanda, utoke nje, uingie tena kama abiria mpya. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Saa mbili za kuunganisha hapo ni kamari. Weka tano au zaidi.

Na mgeni akitoka nje hivyo, kama hana msamaha wa kibali cha kuingia Kenya, anahitaji eTA, kibali cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024. Huombwa siku kadhaa kabla ya safari. Tovuti ya serikali huishia na .go.ke. Zile zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji kwa matangazo ya kulipia mara nyingi ni madalali wanaoongeza chao juu ya ada.

Pawabenki isiingie kwenye begi la kukabidhi. Begi litavutwa pembeni na linaweza kubaki. Ibebe mkononi, isizidi Wh 100 (kipimo cha nishati ya betri) bila ruhusa ya shirika. Hesabu ni mAh, ile namba ya ujazo wa pawabenki, mara 3.7 gawa kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74, inapita, ya 30,000 ni 111, nenda ukaombe.

Begi lisipotokea, USITOKE ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo iliyopotea, onyesha stika uliyobandikiwa kwenye pasi ya kupandia, ujaziwe fomu ya PIR, ripoti ya mzigo wenye tatizo, yenye namba. Ukishatoka, unaanza kuthibitisha kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege, begi lililoharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu likufikie. Piga picha begi kabla ya kulikabidhi, na risiti za mswaki na nguo ulizolazimika kununua zitunze, maana ndizo utakazodai nazo.