Naomba ushauri: nimwonyeshe mpwa wangu filamu ya Die Brücke?

Habari zenu wakuu. Mpwa wangu ana miaka 15 na ndoto yake ni jeshi tu. Sina neno na hilo, ila vita anayoijua ni ya zile filamu ambazo stelingi hafi. Nataka tuangalie pamoja Die Brücke, filamu ya Kijerumani ya 1959 iliyoongozwa na Bernhard Wicki. Ni Aprili 1945, Ujerumani imeshashindwa, na wanafunzi saba wanapewa sare na bunduki walinde daraja la mji wao, daraja ambalo jeshi lenyewe limeshapanga kulilipua! Mwanzoni wana hamu kama wanaenda kwenye mechi. Kisha wanaanguka mmoja mmoja, na anabaki hai mmoja tu. Haina rangi, lakini vifo vyake vinauma kweli.

Wenye uzoefu na vijana wa umri huo, nimwonyeshe sasa au nisubiri? Ikiisha nianze mimi kuzungumza, au nimwache kwanza? Na kama kuna mwanajeshi mstaafu hapa, ungependa kijana kama huyu asikie nini kabla ya kujiunga? Mama yake anahofia ataota ndoto mbaya, nami sitaki kumpuuza dada yangu.