Nataka kuachana na king'amuzi nihamie mtandaoni, naombeni ushauri

Nuru wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Siku ya tatu leo sipati usingizi. Kifurushi cha king'amuzi kimenielemea. Nikilipia, mvua ikinyesha picha inakatika. Mimi naishi peke yangu, narudi kazini saa 3 usiku, tamthilia ya saa 1 siioni. YouTube naangalia muda ninaotaka. Niuze TV nibaki na simu?

Fundi Dishi: Dada, hapo kifurushi hakina kosa. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya satelaiti, lakini manyunyu tu yakikata picha, dishi limeyumba. Nipo juu ya mapaa tangu Dar ilipozimiwa analojia, 31 Desemba 2012. Ita fundi alikaze.

Mpiga Hesabu: Kabla ya kuuza, piga hesabu ya bando. Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, HD hadi GB 3. Saa moja kila siku kwa ubora wa kawaida ni hadi GB 30 kwa mwezi. YouTube ukishusha ubora utaokoa nyingi, ila nyuso zitakuwa ukungu.

Mzee Mkekani: Vijana mna raha. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, sisi Bara tukangoja hadi 1994. Nyumba yetu ya kupanga Kariakoo, wapangaji wote tulijazana sebuleni kwa mwenye nyumba, viatu vimerundikana mlangoni. Leo kila mtu na kisimu chake chini ya shuka. Nyumba imekufa.

Dada Hawa: Nuru, hakuna anayekosa usingizi siku tatu kwa ajili ya kifurushi. TV ni ya nani?

Nuru wa Mbagala: Ni ya mama. Alikuja nayo kutoka Korogwe. Lakini sijamnyang'anya, nimemnunulia simu ya kioo kikubwa atazame humo. Jirani ameshanipa kianzio cha 80,000, ndiyo iliyonunua simu. Jumamosi anakuja kuichukua.

Dada Hawa: Kumbe umeshauza! Hapa umekuja kuomba baraka. Mali ya mzazi haiuzwi bila yeye kujua, mdogo wangu.

Kaka Ngurumo: Hii chai, tena imezidi sukari. Mwanzo unaishi peke yako, sasa hivi mama yuko sebuleni na simu mpya. Kesho ataongezeka bibi. Mods, fungeni uzi.

Mpiga Hesabu: Mimi pia nina shaka. Mama huyo anatazama nini?

Nuru wa Mbagala: Si chai. Niliandika peke yangu kwa sababu kodi, umeme na kifurushi nalipa peke yangu. Mama amekuja kwa ajili ya kliniki ya macho, ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Tamthilia anaisikiliza tu, sauti za waigizaji anazijua zote. Kwenye rimoti nilimbandikia kipande cha plasta juu ya kitufe cha chaneli yake, anakipapasa kwa kidole gumba. Jana nilimpa ile simu. Akapitisha kidole kwenye kioo, juu hadi chini, akaniuliza, "Plasta iko wapi?" Nikaenda jikoni.

Kaka Ngurumo: Samahani dada. Nimefuta neno langu.

Mzee Mkekani: Mnunulie redio.

Dada Hawa: Mzee, redio haina tamthilia yake. Nuru, mrudishie jirani pesa yake.

Nuru wa Mbagala: Nitaitoa wapi? Simu ilishafunguliwa, dukani hawaipokei. Na kifurushi kinaisha Ijumaa.

Fundi Dishi: Simu baki nayo wewe, tamthilia zako utaangalia ukirudi kazini. Jirani muombe akupokee kidogo kidogo. Sasa chungulia nyuma ya TV, kuna maandishi DVB-T2?

Nuru wa Mbagala: Ipo. DVB-T2/S2.

Fundi Dishi: Basi king'amuzi cha antena kimo ndani. Ukiweka antena ya kawaida unaweza kupata chaneli za bure bila kifurushi. Ya mama iko chaneli gani?

Nuru wa Mbagala: Ya kulipia.

Fundi Dishi: Hapo sina dawa. Labda uweke kifurushi kidogo kuliko vyote chenye hiyo chaneli.

Dada Hawa: Mama ameshajua habari ya Jumamosi?

Nuru wa Mbagala: Bado. Leo nipo nyumbani. Sasa hivi saa 1 inakaribia, ameshashika rimoti.