Shule nzuri ya kati kwa watoto wanaobalehe: mnaangalia nini?

Mama Pacha

Wadau, habari za muda huu. Nina pacha, wa kike na wa kiume, wana miaka 11. Mwakani wanaingia shule ya kati, ile miaka mitatu minne iliyopo baina ya msingi wa chini na sekondari ya juu. Wamezaliwa siku moja lakini ukiwaona leo huwezi kuamini. Binti ananifika begani na ameanza kujifungia chumbani. Kaka yake bado anatembea na vigari vya kuchezea mfukoni.

Nimepata shule mbili. Ya kwanza kubwa, majengo yanavutia, ina maabara, na matokeo ya mitihani yamebandikwa langoni. Mkuu wa shule alinitembeza mwenyewe. Ya pili ni ndogo, matokeo ya wastani, rangi inabanduka ukutani, ila asubuhi niliyofika palikuwa na mwalimu mlangoni anawapokea watoto kwa majina yao. Baba yao anataka ya kwanza. Mimi nasita, lakini kila nikibanwa nitoe sababu sina, nina hisia tu. Anayezijua shule za rika hili anisaidie: niulize nini, nitazame nini?

Hoja Tupu

Mleta mada, unajisumbua. Matokeo ndiyo shule, mengine mbwembwe. Mtoto hafi kwa kutosalimiwa mlangoni. Peleka ya kwanza, ulale.

Mwalimu wa Hesabu

Mkuu Hoja Tupu, mimi nimezeeka nikifundisha hesabu, siwezi kuzidharau namba. Ila namba ya langoni inaweza kuwa imetengenezwa na usaili, si na walimu. Shule inayochuja watoto wakati wa kuingia itapata matokeo mazuri hata walimu wasipojituma. Mama, ukirudi pale uliza hivi: watoto walioingia na alama za kati wanatoka na nini? Na walioondoka kabla ya kumaliza ni wangapi, walikwenda wapi? Ukijibiwa kwa namba, andika. Ukijibiwa kwa kuonyeshwa makombe, andika pia.

Sasa nije kwenye hisia yako, maana ina msingi kuliko unavyodhani.

Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 15 mimi huanza na swali moja: ni nani katika shule hii atakayegundua kwamba mwanangu amebadilika wiki hii? Usikubali kuambiwa "walimu wetu wote ni walezi". Wakisema wote, maana yake hakuna. Nataka jina la mtu, na nataka kujua mtu huyo ana watoto wangapi wa kuwaangalia.

Nieleze kwa nini nashikilia hapo. Kwa kawaida msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Kwa hiyo darasa moja la umri huu lina watoto wa kila aina: mmoja ana sauti nzito na ndevu zinachungulia, jirani yake analala na mdoli. Pacha wako ni ushahidi tosha. Na ni wakati huohuo ndipo tunapowatoa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa nao kutwa nzima na kuwaweka mbele ya walimu wanane au tisa, kila mmoja anaingia, anafundisha kipindi chake, kengele inalia, anatoka. Mtoto akinyamaza ghafla, mimi wa hesabu namwona mtulivu, mwenzangu wa sayansi anamwona mgonjwa, wa lugha anamwona mvivu. Kila mmoja ana kipande chake na hakuna mahali pa kuviunganisha. Mpaka mzazi aitwe, muhula umekwisha.

Hili si wazo langu peke yangu. Watafiti wa Marekani Jacquelynne Eccles na Carol Midgley walilieleza vizuri tangu miaka ya 1980: mtoto wa umri huu anataka sauti zaidi katika mambo yake na anamhitaji mtu mzima wa karibu asiye mzazi, halafu shule ya kati inampa amri zaidi na walimu wa mbali zaidi. Mwaka 2010 Jonah Rockoff na Benjamin Lockwood walichapisha uchunguzi wa watoto wa jiji la New York, wakaona kwamba waliohamishiwa shule za kati walishuka alama mwaka uleule wa kuhama, wakilinganishwa na wenzao waliobaki katika shule moja hadi darasa la nane. Kwa hiyo mpango wa "shule ya kati" wenyewe hauna baraka yoyote. Finland wanasoma shule moja ya msingi kuanzia miaka 7 hadi 16 na hawana ngazi ya kati iliyojitenga.

Hata hao Wamarekani waliobuni mpango huu walihangaika nao. Moja ya shule zao za mwanzo za aina hii ilifunguliwa Columbus, Ohio, mwaka 1909. Kufika 1963 profesa William Alexander alikuwa anawaambia wenzake kwamba shule hizo zimegeuka sekondari ndogo, zimeiga kila kitu cha wakubwa na kumsahau mtoto aliyemo. Mwaka 1989 jopo la taasisi ya Carnegie likatoa ripoti kuhusu rika hili, na mapendekezo yake mawili ndiyo ninayotaka uyachukue: shule kubwa igawanywe katika jumuiya ndogo, na kila mwanafunzi awe na angalau mtu mzima mmoja anayemfahamu vizuri.

Utajuaje kama shule inafanya hivyo kweli? Omba ratiba. Si ya wanafunzi, hiyo kila mtu anakuonyesha. Omba ya walimu. Tazama walimu wanaofundisha darasa moja, wa hesabu, lugha, sayansi na historia: je, kuna kipindi katika wiki ambacho wote wako huru kwa pamoja na kimeandikwa kikao cha darasa? Kama kipo, basi kuna mahali ambapo jina la mwanao litatajwa na watu wanne kwa mpigo, nao watagundua kwamba kila mmoja aliona kitu. Kama hakipo, ulezi wanaokuhubiria ni wa kwenye mabango, kwa sababu mwalimu mwenye vipindi vilivyobanana hawezi kumtafuta mwenzake korido nzima kuzungumzia mtoto mmoja. Si roho mbaya, hana muda.

Baada ya hapo uliza habari za mwalimu mlezi. Ana kikundi kidogo au ana darasa zima? Wanakutana lini, au ni kuita majina tu? Anabaki na watoto walewale mwaka unaofuata? Kubaki nao ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwani mwaka wa pili hupotezi miezi ya kwanza kujifunza nani ni nani.

Mengine nayapitia haraka. Saa ya kuanza: mtoto akibalehe mwili unasogeza usingizi mbele, halali mapema hata ukimfokea. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za kati na sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Simu: mimi nasema zifungiwe, Ufaransa walitunga sheria mwaka 2018 na watoto hawakufa. Na michezo: uliza kama timu na vikundi vinachuja. Kijana anayechelewa kukua, kama huyo wako wa vigari, akichujwa kwenye mpira akiwa na miaka 12 kwa kuwa mfupi, wengi hawarudi tena uwanjani hata wakishakuwa warefu. Katika umri huu kila anayetaka kucheza acheze.

Nesi wa Shule

Mwalimu amesema yote isipokuwa vyoo, labda kwa sababu ni mwanamume (nisamehe mwalimu). Mama Pacha, usitoke shule yoyote kabla hujaingia choo cha wasichana, cha wanafunzi si cha wageni. Mlango unafungwa kwa ndani? Kuna maji na ndoo yenye kifuniko? Pedi za dharura zinakaa wapi na nani ana ufunguo wa kabati? Kama binti lazima anyooshe mkono mbele ya wavulana, aombe ruhusa, aende ofisini, aeleze shida yake kwa karani, basi hatakwenda. Atakaa kipindi kizima hasikii neno, na kesho yake atasema anaumwa kichwa asije shule. Ninawaona hao kila mwezi.

Na wavulana pia muwaulizie. Watoto wengi wanaoonewa, wanaonewa chooni na kwenye ngazi, pale ambapo mwalimu wa zamu hafiki. Muulize mtoto yeyote pale shuleni, si mkubwa: "sehemu gani hapa huwa hupendi kupita?" Atakuonyesha kwa kidole.

Mama Pacha

Shikamoo mwalimu, na nesi asante sana. Nimerudi shule zote mbili.

Ile kubwa: ratiba ya walimu wamesema ni ya ndani, haitolewi. Wana mshauri nasaha, mmoja, kwa shule yote, mlango wake una karatasi ya kujiandikisha. Vyoo visafi kweli, ila kabati la pedi liko kwa karani, kama nesi alivyosema.

Ile ndogo: ratiba iko ukutani katika chumba cha walimu, nimeisoma mwenyewe. Jumatano kipindi cha tatu, walimu wa darasa la kwanza la kati wote huru, "kikao". Nilimtaja mtoto wa jirani yangu anayesoma pale, mlezi wake akaniambia anapenda kuchora na kwamba wiki hizi anakaa peke yake mapumziko, wanamfuatilia. Hapo nilitaka kulia. LAKINI wanawapanga watoto wa hesabu kwa makundi, wenye kasi na wa polepole, mwezi wa kwanza tu. Na wanaanza saa 1:15 asubuhi. Na maabara yao ni chumba kimoja chenye meza za zamani. Baba yao kashikilia hilo la maabara. Kipi hapo ni cha kuvumilia na kipi si cha kuvumilia?

Mwalimu wa Hesabu

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi kubwa kuliko wakaguzi wengi.

Maabara usiihofie. Kwa rika hili haijalishi vifaa ni vipya kiasi gani, yapo mambo mengi ya sayansi yanayofanyika kwa taa ya spiriti, sumaku na bakuli la maji. Linalojalisha ni nani anavishika. Mwambie baba yao aende akaangalie meza zenyewe. Zikiwa na alama za moto na madoa, watoto wanazitumia. Nimewahi kuona maabara zenye viti bado ndani ya nailoni.

Saa ya kuanza ni tatizo la kweli na hutalimaliza wewe mwaka huu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, akifika 13 anahitaji 8 hadi 10. Piga hesabu kurudi nyuma kuanzia saa ya kuamka, ukijumlisha safari. Kama shule ni ya kutembea, inawezekana. Kama ni basi la alfajiri, hapo ningefikiri mara mbili. Mkiwa wazazi wengi pelekeni hoja kwenye kikao. California wamelifanya sheria, tangu Julai 2022 shule za kati haziruhusiwi kuanza kabla ya saa 2 kamili.

Kinachonisumbua ni makundi ya hesabu, na hapa nasema kama mtu wa somo hilo. Mwezi wa kwanza unampima mtoto ugeni, humpimi hesabu. Akiingia kundi la polepole anapewa maswali mepesi, anazoea maswali mepesi, na mwisho wa mwaka mtihani unathibitisha kwamba ni wa polepole. Rudi uulize maswali mawili: mwaka jana mtoto gani alipanda kundi, na alipanda vipi? Na kundi la polepole linafundishwa na nani, mwalimu mzoefu au aliyeajiriwa juzi? Wakikupa mfano wa mtoto halisi na mwalimu mzuri, mimi ningewapeleka pale. Wakibabaika, waombe pacha wako wapimwe tena mwisho wa muhula wa kwanza, na waandike hivyo kwenye faili.

Jambo la mwisho, usiamue na baba yao peke yenu. Wapeleke wakashinde siku nzima ya masomo, kila mmoja darasa lake. Wakirudi usiwaulize kama wamependa. Waulize walikaa na nani wakati wa mapumziko.

Hoja Tupu

Mwalimu, hiyo ya usaili nimeielewa, nakubali. Ila Mama Pacha, ukienda kuuliza hayo makundi, waombe na matokeo ya hesabu ya miaka mitatu. Ya kundi la polepole pia.