Nyota saba kwenye herufi saba! Yule bwana kaniharibia dhahabu yangu

MchongaHerufi:
Wakuu, naandika mikono ikinitetemeka.

Jina silitaji. Mnamjua. Yule yule ambaye kazi ya mtu haiwezi kupita mbele ya macho yake bila kusema "iongezee mng'ao kidogo". Huyo huyo.

Siku tatu nimekaa na neno moja: HESHIMA. Herufi saba za dhahabu, za jalada, nazichonga kwenye kompyuta. Gredienti, yaani mpito wa rangi, peke yake imenila usiku mzima: kahawia iliyokolea, njano, karibu nyeupe, halafu ghafla kahawia tena. Madini hayang'ai kwa kupakwa njano! Yanang'aa pale giza na mwanga vinapokaa ubavu kwa ubavu bila kupisha. Kingo nimezichonga kwa mchongo mkali, si ule laini unaovimbisha herufi kama puto. Mwanga wote unatoka juu kushoto, nyuzi 120, kivuli kinaanguka chini kulia. Sehemu iliyong'aa kabisa nimeiacha mahali pawili tu: bega la H ya kwanza na mguu wa A. Pawili! Na hapo pia nimetia unjano, maana dhahabu ikirudisha mwanga inaurudisha na rangi yake. Ukiweka nyeupe tupu umepata bati.

Faili likiwa kwenye folda yetu ya pamoja, nikamwambia alitazame. ALITAZAME. Nikalala.

Naamka, kaibandika kwenye kundi la kazi, mteja yumo, na nyota saba juu yake. Nyota saba, wakuu! Kila herufi na ya kwake, zile za miale minne za brashi ya bure, kila moja kama taa ya lori linalokujia usiku upande wako wa barabara. Chini kaandika: "Nimeirekebisha kidogo, sasa ndiyo inang'aa."

Nimeirekebisha kidogo!

Nyota ya M kaiweka ndani ya bonde la herufi, mahali ambapo mwanga haufiki hata uushike mkono uupeleke. Nyota ya I imeimeza I yote, watu wanasoma HESH MA. Kivuli kinaanguka kulia huku miale inatoka pande zote kama jua limepasuka. Halafu kazibana leya zote, yale matabaka ya picha yanayokaa moja juu ya jingine, zikawa moja na kuhifadhi juu ya faili lile lile. Siku tatu zangu zimelala chini ya nyota saba na hakuna pa kuzifukulia.

Nyota saba. "Kidogo."

LeyaYaChini:
Bila picha uzi haujakamilika. Tupia tuone hizo nyota.

BrashiKavu:
Pole mkuu. Ila siku tatu neno moja? Ungeandika sentensi tungekuona mwakani.

PikseliMoja:
Huyo huyo kanifanyia mimi! Nilikuwa na maandishi ya fedha, leya kumi na mbili, zote zinatumia mwanga wa pamoja. Akaingia kwenye kivuli cha leya MOJA akageuza pembe ya mwanga "ajaribu". Mng'ao wa leya zote kumi na mbili ukageuka naye, yeye wala hakuona. Nimetuma kazi mwanga unatoka chini, herufi zote zimeonekana zimezama badala ya kuinuka.

MchongaHerufi:
Angalau zako zilibaki leya! Mimi nimebakiwa na picha bapa yenye nyota saba!

LeyaYaChini:
Nakala huna? Mtu anaweka faili la siku tatu kwenye folda ya pamoja bila nakala, kisha anakuja kulia hapa?

MchongaHerufi:
Ninayo ya siku ya kwanza, kabla ya kingo. Sikujua naishi na mtu wa kuamkia kazi za watu na brashi ya nyota.

MkongweWaChaneli:
Ninyi mnalalamika mna kila kitu. Photoshop 5.0 ilipoleta athari za leya, hivyo vivuli na kingo za kubofya tu, mwaka 1998 sisi tulikuwa tumeshaota sugu. Kingo tulizichonga kwa chaneli, picha za kijivu za giza na mwanga: unatia ukungu, unasogeza, unatoa hii kwenye ile. Mteja akibadilisha herufi moja unaanza upya.

BrashiKavu:
Mzee naye kafika.

GimpTu:
Ndiyo nasema kila siku hamieni GIMP, programu ya picha ya bure. Toleo 3.0 la 2025 linakuwezesha kuweka athari na kurudi kuzirekebisha baadaye.

PikseliMoja:
GIMP ingemzuia vipi mtu mwenye brashi ya nyota?

GimpTu:
Sijasema ingemzuia. Nimesema hamieni.

KivuliKulia:
Mteja kasemaje lakini?

MchongaHerufi:
Sitaki kulizungumzia.

KivuliKulia:
Kasemaje?

MchongaHerufi:
Kauliza kama nyota zinaweza kuongezwa. KUONGEZWA. Herufi ziko saba, ya nane ataiweka wapi?

BrashiKavu:
Kwenye kivuli.

WinoMzito:
Nyota ni matatizo ya kwenye skrini hayo. Mimi dhahabu yangu imefika kwa mchapaji ikatoka rangi ya udongo. Kwenye skrini inawaka, kwenye karatasi ni tope. Nikaambiwa wino nne za CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi) hazina madini, zinachora picha ya dhahabu tu, ukitaka karatasi yenyewe ing'ae lazima wino wa metali au karatasi ya dhahabu ya kugandishwa kwa joto. Haya nimeambiwa nakala zote zikiwa zimeshatoka!

PikseliMoja:
Hee! Na hawakukutolea sampuli kwanza?

WinoMzito:
Sampuli nimeletewa picha yake kwa simu. Kwenye simu ilikuwa inawaka.

MkongweWaChaneli:
Sampuli ya dhahabu hushikwa mkononi, unaizungusha kwenye mwanga. Nani kakufundisha kazi?

MchongaHerufi:
Jamani, nyota SABA. Ya I imeimeza I.

LeyaYaChini:
Tumesikia mkuu. @WinoMzito, hiyo ya kugandishwa kwa joto, faili lake linaandaliwaje? Leya ya peke yake?

WinoMzito:
Leya ya peke yake, nyeusi tupu, bila gredienti wala kivuli. Mng'ao unaletwa na karatasi yenyewe. Na kingo ziwe za vekta, yaani mistari isiyoharibika ukiikuza; pikseli zitakutolea kingo zenye meno.

KivuliKulia:
Ukimpa yule bwana hiyo leya nyeusi ataitia nyota.

WinoMzito:
Mimi mchapaji wangu ndiye wa kupelekwa mbele ya watu. Ngojeni niwaambie alichonijibu nilipomrudishia…