Presha ya baba haishuki, aspirini nimpe saa ngapi?

MtuWaLikoni: Assalaam aleikum wana jukwaa. Baba ana miaka 67. Leo mashine ya duka la dawa imeonyesha 178 kwa 104. Nataka kumwanzishia aspirini ya 75 kila siku kuzuia kiharusi. Ni asubuhi au usiku baada ya kula? Nijibuni haraka, roho haijatulia.

BiKidawa: Waaleikum salaam mwanangu. Anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo mkate na achari vimo. Sigara na muguka pia aviache, vyote vyapandisha presha.

DawaMezani: Bi mkubwa, hilo kweli, lakini swali ni aspirini. Aspirini haishushi presha. Zinazoshusha ni kama amlodipini, losatani na haidroklorothiazidi. Kwa asiyewahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo, aspirini ya kila siku mara nyingi huzidisha hatari ya kuvuja damu tumboni au ubongoni kuliko inavyomkinga, sembuse presha ikiwa hapo. Tena alipimwaje? Akae kimya dakika 5, mgongo uegemee, miguu isipandane, mkono usawa wa moyo, bila kahawa nusu saa kabla. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hudanganya kwa kupandisha namba. Anameza dawa gani?

MtuWaLikoni: Alikuwa na amlodipini, akaiacha kwa sababu miguu ilimvimba. Na kuna kidonge cha waridi cha moyo.

DawaMezani: Miguu kuvimba ni kawaida ya amlodipini, hasa ya miligramu 10. Daktari hupunguza dozi au hubadilisha, haiachwi kimyakimya. Hicho cha waridi kimeandikwaje? Na mbona haraka leo?

MtuWaLikoni: Wafarini 5. Basi niseme. Leo baada ya alfajiri kikombe kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno hayaeleweki. Baada ya muda mfupi akarudi sawa, ndipo nikampa aspirini moja. Kesho mtu wa hijama anakuja, Jumatatu twaenda kliniki. Jamani, amekula, anaongea. Kumkimbiza hospitali sasa ni kumtia hofu bure.

Mdadisi_Kongowea: Uzi wa kutunga huu. Mara presha, mara moyo, sasa mdomo. Kila akiulizwa anazaa ugonjwa mpya. Mzazi apinde mdomo, wewe uje kuuliza asubuhi au usiku?

BiKidawa: Muogope Mungu, usimdhanie vibaya mtu aliyechanganyikiwa. Nawe mwanangu, mzazi hangojewi Jumatatu.

DawaMezani: Mdadisi, maelezo yake yashikana. Moyo ukipiga bila mpangilio, damu hutuama na kuganda ndani yake, kisha bonge husafiri hadi ubongoni. Wafarini huwekwa kuzuia hilo. Kilichompata chafanana na kiharusi cha kupita, na saa 48 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. MtuWaLikoni, mpeleke sasa hivi kwenye hospitali yenye mashine ya CT. Mshipa ulioziba na uliopasuka kwa nje hufanana. Picha ya kichwa ndiyo hutofautisha. Hijama hapana, mwenye wafarini akichanjwa damu haikatiki upesi. Aspirini usirudie. Dalili zikirudi, andika saa zilipoanza: dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu, na INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikizidi 1.7 haitolewi. Hapo asile wala asinywe, asije akapaliwa. INR yake ya mwisho ngapi?

MtuWaLikoni: Hajapimwa tangu Ramadhani, na siku nyingine huruka kidonge. Twatoka sasa kwenda ferini. Wafarini ya jioni nimpe?

DawaMezani: Ngoja INR itoke, wao ndio watakaoamua. Lengo kwa kawaida ni 2 hadi 3. Chini ya hapo hajakingika, juu yake damu huvuja. Beba pakiti zote, hata amlodipini aliyoiacha, na uwaambie wazi saa uliyompa aspirini. Wakiuliza kama huruka vidonge, usimfichie.